Mtani Wangu wa Pantoni

Mtu yeyote aliyewahi kuvuka Malagarasi kwa pantoni yetu atakwambia kwamba ile si safari, ni kibarua. Haina injini. Wapo wanaosema iliwahi kuwa nayo, lakini ni haohao wanaosema waliwahi kumwona kiboko akipanda na kushuka kama abiria. Mimi niliikuta ilivyo: kipande cha chuma chenye kingo za bomba, waya mnene uliofungwa kutoka ukingo huu hadi ule, na rundo la magongo mafupi yenye mkato. Unachukua gongo, unaubana waya kwenye ule mkato, unatembea nao kutoka mbele ya pantoni hadi nyuma, na pantoni inasogea. Ukifika nyuma unakimbia mbele kuanza upya. Wanaume wote wanavuta. Hata aliyevaa suti anakwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake, anakunja mikono ya koti na kuvuta.

Miji yenyewe sitaitaja. Mmoja uko upande wetu wa Tabora, mwingine uko ng'ambo, na kila mmoja unadai kwamba mwenzake ni kijiji. Msimamizi wa pantoni tulimwita Kapteni, ingawa chombo hakikuwa na usukani wala yeye hakuwa na kofia. Alikuwa na filimbi. Akiipuliza mara moja tunaondoka, akiipuliza mara nyingi kuna mbuzi ameanguka majini.

Mimi ni fundi wa sola. Nimezaliwa Goweko, kwenye tumbaku, lakini kazi yangu naifanyia Tabora mjini, na miaka ile nilipata wateja wengi ng'ambo, kwa hiyo kila juma nilivuka. Niseme pia, ili msije mkashangaa mbele ya safari, kwamba mimi nikianza kucheka sina breki. Wamoraviani wenzangu wa Goweko wanajua. Nimewahi kutolewa kwenye kwaya katikati ya ubeti.

Siku ya kwanza nilipanda na paneli mbili kichwani, juu ya kata ya nguo, na betri mkononi. Kabla sijatua mzigo, sauti ya kike ikatoka kwenye kona ya madumu ya mawese.

"Hebu muoneni! Misafara imekwisha, Waarabu wamekwenda zao, yeye bado amebeba!"

Pantoni nzima ikaangua kicheko. Nikageuka. Mama wa makamo, kitenge cha njano, ameketi kwenye kigoda katikati ya madumu yake kama mwenye nyumba.

"Wewe ni Muha," nikamwambia.

"Siyo," akajibu.

"Basi ndiye hasa. Asingekuwa Muha angekubali."

Alicheka mpaka akashika dumu asianguke. Na hapo mambo yakawa yamekwisha: mimi Mnyamwezi, yeye Muha, watani tangu enzi za babu zetu waliopita njia hiihii na pembe za ndovu mabegani. Mtani hana umri. Angeweza kuwa mama yangu mzazi, lakini tangu siku ile sikumpa shikamoo hata moja, naye hakuitaka. Nilikuwa namwita mtani, au bibi bishano. Yeye aliniita mpagazi. Alikuwa na wimbo wake kwamba Mnyamwezi akikosa mzigo hubeba jiwe asije akasahau kazi. Nami nilimjibu kwamba kwao hata jogoo akiwika watu hutoka nje kumbishia.

Kila safari ilikuwa na yake. Alininyang'anya kofia, akaivaa mwezi mzima sokoni, akisema ni ushuru wa kupita kwenye nchi yao. Nilimpora kigoda, nikaketi juu yake katikati ya mto, naye akaenda kuketi juu ya betri yangu huku akitangaza kwamba ameanza kupata chaji. Watu waliacha kuvuta waya kwa kutusikiliza. Wapo, nasema kweli, waliosubiri safari ya pili ili wavuke na sisi. Niliipenda siku ya kuvuka kuliko siku ya kulipwa, na fundi akikwambia hivyo mwamini.

Sasa sikilizeni nilivyomzika.

Ilikuwa kiangazi, joto la kuchemsha mawe. Mtani wangu alikuwa ametoka kuuza tangu alfajiri, anarudi kwao na madumu matupu, akalala juu yake, mdomo wazi. Nilimtazama, nikaona haiwezekani nafasi kama ile ipotee bure. Kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa: huvaa nguo za marehemu, huiga alivyotembea, husema alivyokuwa anasema, na wafiwa hucheka huku wanalia. Kitenge chake cha kujitandia kilikuwa kimeteleza chini. Nikakifunga kiunoni.

"Ndugu waombolezaji," nikaanza.

Kapteni alinionya kwa jicho. Nikajifanya sikumwona.

"Marehemu alizaliwa, akabisha. Mkunga alisema ni mtoto wa kike, yeye akalia kukataa mpaka jioni. Alikuwa mkarimu. Kila mgeni alikaribishwa chakula, mradi awe amekuja baada ya vyombo kuoshwa. Mawese yake yalikuwa safi, hakuna ubishi, isipokuwa kichupa chake cha kupimia hata sisimizi alikunywa akaomba kiongezwe."

Akafungua jicho moja. Akaona kinachoendelea, akalifunga. Maiti akaendelea kuwa maiti. Tumbo tu ndilo lililokuwa linatikisika.

Basi mimi tena nani wa kunizuia? Nikaanza kutembea mwendo wake, mkono mmoja kiunoni, mwingine unagombana na anga, makalio yakienda huku na huku kama ndoo za maji kwenye baiskeli. Hakuna aliyekuwa anavuta. Pantoni ilisimama katikati ya Malagarasi, maji yanaisukuma ubavuni, waya umekaza, Kapteni anapuliza filimbi kama refa aliyetukanwa. Wanaume wakarudi kwenye waya wakivuta na kucheka, kuvuta kwenyewe hakuna nguvu. Tulipogusa ng'ambo mimi ndiye niliyeshuka wa kwanza, na kitenge kiunoni, nikitembea mwendo ule ule na kulia kwa sauti, "Mama yangu weee! Umetuachia nani mabishano!"

Kwenye gati alikuwa amesimama binti mmoja na begi dogo.

Nilimfahamu. Nilimfahamu kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu kwa mwaka mzima nilikuwa nakwenda kwenye duka la vifaa vya umeme alikokuwa anauza, Tabora mjini, karibu na soko, nikinunua waya nisiouhitaji. Tulikwishakubaliana kuoana. Nilijua kwao ni ng'ambo ya mto, nilijua baba yake amefariki, nilijua mama yake anauza mafuta. Lakini mji ule nusu ya akina mama wanauza mafuta. Alikuwa amekuja likizo kwa gari, kwa barabara ndefu ya darajani, na sasa alikuwa gatini anampokea mama yake.

Aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni.

"Umevaa kitenge cha mama yangu," akasema.

Nyuma yangu maiti alifufuka. "Umefika, mwanangu!" akaita kwa furaha. "Huyo usimjali, ni mpagazi wangu."

Yule binti akajifanya hanijui. Nikafungua kitenge, nikakikunja vizuri mno, kama kukikunja vizuri kungesaidia kitu, nikakirudisha kwa mikono miwili. Kisha nikaondoka nikiwa nimesahau paneli zangu kwenye pantoni.

Jioni alinipigia simu. Alicheka kwanza, muda mrefu, mpaka nikapata matumaini.

"Mama anakupenda sana," akasema. "Lakini anakupenda kama mtani. Mkwe ni kitu kingine. Tangu baba afariki, neno la mwisho ni lake, na yeye kila siku anasema jambo moja: atakayemwoa mwanangu awe mtu mwenye haya."

"Haya ninayo," nikasema.

Akaanza kucheka tena.

Mnielewe. Kwetu, na kwao pia kwa watu wa zamani, mama mkwe hataniwi. Hupeani naye mkono, huli naye, hata kukutana njiani mnakwepana. Baba yangu, mtu mzima, fundi seremala, mwenye heshima zake, aliwahi kuingia na baiskeli katikati ya shamba la tumbaku la watu kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa anakuja upande wa pili wa njia amejitanda nguo usoni. Aliharibu matuta mawili, na mwenye shamba aliposikia sababu alimpongeza. Sasa mimi mwana wa mtu yule nilikuwa nimemzika mama mkwe wangu hadharani na kuonyesha makalio yake yanavyokwenda.

Nikaamua kubadilika. Juma lililofuata nilipanda pantoni nimechomekea shati.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mtu mmoja aliacha kutafuna mua.

"Nani amekufa?" akauliza mtani wangu.

"Hakuna, mama. Nakusalimu tu."

"Huyu ana homa. Kapteni, mguse paji la uso." Kisha akanipungia mkono. "Hiyo shikamoo kaiweke, utampa mama mkwe wako."

Nilishika bomba la pembeni nisianguke majini. Yeye hakujua lolote. Binti alikuwa bado hajasema, anasubiri wazee wangu watangulie kama ipasavyo. Basi nikaendelea na haya zangu. Mtani wangu aliweka jiwe juu ya paneli, akisema ananiongezea mzigo nisije nikajisikia mpweke. Nikasema, "Asante, mama." Akaficha gongo langu. Nikachukua lingine, nikavuta kimya. Abiria walikuwa wananitazama kama mtu aliyewaibia. Jamaa mmoja wa ng'ombe aliniuliza waziwazi kama nimeokoka.

Juma lililofuata hakunichokoza. Alinunua karanga za kukaanga kwa mama mmoja, akanigawia konzi nzima, bila tusi hata moja, akageukia mto. Niliumia. Nilizitafuna karanga zile moja moja. Nilikuwa nampoteza mtani, na mkwe sijampata, na kama wangekataa posa ningebaki sina yeyote kati yao watatu: mtani, mkwe, wala mke. Niliona bora niende nikamlete mjomba haraka, jambo liishe moja kwa moja.

Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mshenga. Ni mzee wa kanisa Goweko, mtu wa koti na tai hata shambani, na katika maisha yake alikuwa hajawahi kuvuka maji yanayozidi magoti. Aliiangalia pantoni, akaangalia waya, akaniangalia mimi.

"Huyo binti," akasema, "Tabora hawapo wengine?"

"Hawapo, mjomba."

Akavua saa, akanikabidhi kama mtu anayekwenda kuuawa, akapanda. Kijana anayeposa haendi, kwa hiyo nilibaki upande wetu, kwenye banda la mama lishe, nikinywa chai nisiyoionja. Niliiona pantoni ikisogea, niliona koti jeusi likishika gongo na kuvuta pamoja na wengine, na nilicheka peke yangu mpaka mama lishe akanihamishia kikombe mbali. Binti wa watu alikuwa amekwisharudi dukani Tabora, na kila nusu saa simu yangu ilikuwa inaita, "Vipi?" nami najibu, "Bado."

Mjomba alirudi alasiri, koti begani, mikono imeota malengelenge, na amechangamka ajabu.

"Ni kazi nzuri ile," akasema. "Tumevuta mpaka tumeimba. Wale wa ng'ambo hawajui sauti ya besi, nimewafundisha."

"Mjomba. Posa."

"Aa. Wajomba zake wamepokea. Wamesema watatujibu. Ndivyo inavyosemwa."

"Na mama?"

Akafikiri. "Alikuwa mtu mkimya. Niliposema kijana wetu ni fundi wa sola, akauliza swali moja tu: 'Ni yule anayebeba vioo kichwani?' Nikasema ndiye. Akainuka, akaingia jikoni. Halafu nikasikia sufuria imeanguka."

"Sufuria imeanguka au imetupwa?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa sebuleni."

Usiniulize nilikulaje chakula siku zilizofuata. Mtu aliyeleta inveta yake nitengeneze alirudishiwa redio. Majibu ya wajomba hayakuja. Siku ya kuvuka ikafika, nikafikiri nijifanye mgonjwa, lakini mteja alikuwa ananisubiri na paneli kubwa, ile ya urefu wa mtu. Nikaibeba kichwani, nikashuka gatini.

Pantoni ilikuwa upande wetu tayari inajaza. Mama wa mawese alikuwa ameketi mahali pake, kwenye kigoda, madumu matupu pembeni. Watu walianza kutabasamu kabla sijakanyaga chuma, maana hata baada ya majuma yale ya shati la kuchomekea walikuwa bado wana matumaini nasi. Mtu mmoja akaita, "Mtani wako huyo anakuja!"

Akainua uso, akaniona.

Akainuka upesi, akavuta kitenge mpaka kikafunika kichwa na uso wote. Akachukua kigoda, akanipa mgongo, akaenda mpaka mwisho kabisa wa pantoni, nyuma ya baiskeli na ng'ombe wa yule jamaa. Akaketi huko, ameinama.

Hakuna aliyecheka. Kapteni alisahau filimbi mdomoni.

"Mmegombana?" akaninong'oneza.

Moyo ulishuka mpaka kwenye viatu. Nikajiambia, basi, amekataa, hataki hata kuniona. Na haki yake, nani atampa mwanawe mtu aliyemlilia akiwa hai? Kapteni akapuliza, tukaanza kuondoka, watu wakavuta bila wimbo. Nilisimama na paneli yangu kichwani sijui niitue wapi. Tulikuwa tumefika karibu na katikati ya maji ndipo upepo ulipokuja, ukapeperusha pindo la kitenge chake cha njano, naye akalidaka haraka haraka, kwa woga kabisa, asije akaonekana uso. Na mimi nikamwona bibi yangu njiani, na baba yangu amekwama kwenye tumbaku na baiskeli.

Mwanamke hamfichi mtani uso. Mtani humtolea ulimi.

Anayefichwa uso ni mkwe.

Nilipiga yowe ambalo ng'ombe mpaka leo sidhani kama amelisahau. Halafu, kwa kuwa nilikuwa mkwe, na mkwe haruhusiwi kuwepo hapo, nikataka kukimbia, ila nikimbilie wapi, kulia maji, kushoto maji! Mahali pa kukwepana hapakuwepo. Shamba la tumbaku halikuwepo. Basi nikaitua paneli, nikaisimamisha wima katikati ya pantoni, nikachutama nyuma yake. Huku ukweni, huku mimi.

Kapteni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Filimbi ilimtoka mdomoni ikaangukia mtoni. "Wamekuwa wakwe!" akapiga kelele. "Jamani, hawa wamekuwa wakwe!" Na pantoni ikalipuka. Watu waliangukiana. Mtu mmoja alikaa chini akawa anapiga chuma kwa viganja. Waya ukaachwa, tukasimama katikati ya mto kwa mara ya pili kwa ajili yangu, nami nyuma ya paneli nacheka na machozi yanatiririka, sijui yapi ni ya kicheko.

Kisha sauti ikatoka chini ya kitenge, ng'ambo ya ng'ombe.

"Kapteni."

Watu wakanyamaza.

"Ndiyo, mama."

"Kuna mtu nyuma ya kioo hicho?"

"Yupo, mama."

"Mwambie kwamba mwanangu hakuposwa na mtu wa kuchutama wakati wazee wanavuta. Kwao si wapagazi?"

Kicheko kikaanza tena. Nilisikia furaha hadi kwenye vidole. Hakuwa amekwenda popote, mtani wangu. Alikuwa amehamia nyuma ya nguo tu, na njia ya kumfikia sasa ilipita kwa Kapteni. Nikapata jibu. Nilikuwa nalo zuri, lenye kichupa cha mawese ndani yake.

"Kapteni," nikasema, "mwambie marehemu..."

Nikaishia hapo.

"Nimwambie nini?" akauliza Kapteni.

"Mwambie shikamoo."

Kapteni akageuka, akasimama wima kama mtu anayesoma somo kanisani. "Mama, anasema shikamoo."

Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa pantoni. Ng'ombe akahema. Kitenge cha njano kikatikisika kidogo.

"Mwambie," akasema, na sauti yake haikuwa ya sokoni, "mwambie marahaba."

Nikampa jamaa wa ng'ombe paneli anishikie, pale pale katikati. Nikaokota gongo, nikageuzia uso majini kama mtu mwenye haya, nikaanza kuvuta.